Tiki Niliyomwekea Wairimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Longonot na viatu vya kisigino, cheti changu ndani ya bahasha, na vumbi la pale likanimaliza kabla sijafika kwa lango la shule. Mwalimu mkuu alinitazama miguu. Cheti hakukigusa. "Madam," akasema, "Kiingereza chako sina wasiwasi nacho. Lakini nunua raba." Nikanunua raba Jumamosi hiyo hiyo. Ulikuwa ushauri mzuri, na nimevaa raba mpaka leo.

Nyinyi mnaoingia kazini siku hizi mnabonyeza simu na somo liko tayari. Sisi tuliandika kwa mkono. Kulikuwa na azimio la kazi, mpango wa muhula mzima wiki kwa wiki, na andalio la somo, ambalo ni la kipindi kimoja tu. Yote yalipelekwa kwa mkuu wa idara asaini. Usipopeleka, chai ya saa nne ilinywewa na wenzako ukiwa ofisini unajieleza. Nililalamika sana wakati huo, na sijaacha.

Katika kidato cha tatu kulikuwa na somo moja nililolipenda kuliko mengine, la kumfundisha mtoto kukosoa jambo ambalo limeshafanyika. He should have closed the gate, alipaswa kufunga lango, na sasa ng'ombe wako kwa mahindi ya jirani. Vitabu vyote vilikuwa na mtu anaitwa John. John hakubeba mwavuli, John hakusoma kwa mtihani, John aliacha jiko likiwaka. Haki huyo John alilaumiwa na watoto wangu miaka na miaka, na hakuna siku alijitetea. Lakini ukiwaambia wamkosoe mtu wa kweli, chifu kwa mfano, au baba, darasa lilinyamaza. "Madam, huyo ni mtu mkubwa," walisema, wakiangalia chini. Mkuu wangu wa idara pale Longonot aliniambia niwache hivyo hivyo. "Wacha wamlaumu John. John hana mzazi wa kuja ofisini."

Nilihamishwa Kabazi nikiwa tayari nimepata jina, Madam Biro, kwa sababu ya ile biro nyekundu iliyokaa kwa nywele zangu kutoka asubuhi hadi jioni. Nilikuwa mkali, sitadanganya. Wiki ya zamu yangu, maana kila mwalimu alikuwa na wiki yake ya kusimamia lango na kengele, aliyechelewa alipewa fyekeo na akafyeka nyasi kipindi chote cha kwanza. Sikuwa na maswali. Umechelewa, umechelewa. Na aliyefyeka zaidi ya wote alikuwa msichana mmoja wa kidato cha tatu, Wairimu, mrefu, mpole, mwandiko mzuri ajabu. Alikuwa akichukua fyekeo hata kabla sijamwambia, na mimi nikaona hiyo ni nidhamu.

Basi mkaguzi wa masomo akaja, mama mmoja wa sauti ya chini, akakaa nyuma ya darasa nikifundisha habari za John. Baadaye akaniuliza, "Mwalimu, hawa watoto wanamjua John?" Nikasema hapana. "Wape mtu wanayemjua." Neno hilo lilinichoma. Kesho yake nikaingia darasani nikatangaza: andikeni kunihusu mimi. Kila mtu sentensi moja, kitu nilichokosea. Sitakasirika. Walicheka, wakatazamana, wakaandika.

Nikakaa stafrumu na chai yangu na mandazi mawili, nikasahihisha madaftari arobaini. Madam alipaswa kutuletea peremende. Madam hakupaswa kutupa homuwaki Ijumaa. Tiki, tiki, tiki. Aliyesahau herufi kubwa nikamzungushia duara. Nikamaliza kabla chai haijapoa, nikajipongeza kwamba kweli mimi ni mwalimu, darasa zima limeelewa.

Jumatatu Wairimu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano nikamuuliza Chepkoech, aliyekaa naye dawati moja, kama mwenzake ni mgonjwa. Chepkoech alinitazama kama mtu asiyeamini anachoulizwa.

"Madam, si alikuandikia?"

"Aliniandikia nini?"

"Kwa daftari. Akaniambia ukisoma utamwita. Tulipopewa madaftari ukawa umemwekea tiki na Good. Akacheka tu, akafunga begi."

Daftari lake lilikuwa bado kwa dawati. Nikalifungua mbele ya darasa lote. Madam should have asked me why I was late. Madam alipaswa kuniuliza kwa nini nilichelewa. Na kando yake tiki yangu kubwa nyekundu, na Good, na mstari chini ya Good. Woi! Mtoto amekusanya ujasiri wote alio nao kunikosoa, mtu mkubwa, na mimi nimempa alama ya Kiingereza.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Shangazi yake amempatia kazi ya nyumba huko Nakuru. Anaenda Jumamosi."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kwenda kwao Wairimu kumwomba msamaha. Huyu wa Kabazi alikuwa mzee wa tai na kalamu mbili kifuani, mtu wa haki lakini wa kuogopa desturi kuvunjika. "Madam, ukimpigia mtoto magoti leo, kesho lango utasimamia na uso gani?" Nikamwambia, "Na huu huu, mwalimu. Sina mwingine." Akachomoa kalamu moja kifuani, akasaini.

Nilifika kwao Ijumaa mchana. Shosho yake, yaani nyanya yake, alikuwa ameketi kwa kiti nje, mguu mmoja umenyooshwa kwa stuli, anachagua maharagwe. Begi la Wairimu lilikuwa mlangoni, limefungwa na kamba.

"Mwalimu, umekuja na mashtaka?" shosho akauliza.

"Nimekuja nayo, lakini ni yangu mwenyewe, shosho."

Wairimu akatoka jikoni akipangusa mikono. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Wairimu, nilikukosea. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Kwa nini ulikuwa unachelewa?"

Alilia kwanza. Kisha akaniambia. Mama yake alikuwa mbali kwa mashamba ya maua, shosho alianguka akavunjika nyonga, na kila asubuhi yeye ndiye aliyekamua ng'ombe, akamwogesha shosho, akasubiri jirani aje kukaa naye. Jirani alikuwa akija saa mbili. Saa mbili shule imeshaingia. Mshahara wa Nakuru ndio ungemlipa jirani amtunze shosho. Kitu chote kilimalizika kwa sentensi tatu, na mimi nilikuwa nimemfyekesha kila zamu yangu badala ya kuzisikiliza.

Shosho aliweka maharagwe kando. "Sijawahi kuona mtu mkubwa akiomba mtoto msamaha," akasema. "Wairimu, fungua hiyo kamba."

Jumatatu alikuja saa mbili na nusu. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika barua kwa mkono wake kwamba asiguswe na mwalimu yeyote wa zamu, na kipindi alichokosa nilimfundisha saa ya lanchi, yeye na githeri yake, mimi na yangu. Alifanya mtihani wa kidato cha nne na akapita. Na fyekeo nikalirudisha stoo. Pale langoni nilianza kuuliza maswali, na aki, zile habari nilizosikia pale langoni hakuna chuo kilichonifundisha.

Nilimalizia kazi Bahati, na ndipo niko sasa, na kuku wangu na sukuma wiki. Siku ya kuniaga watu walinisifu mpaka nikasinzia. Mkiniuliza nimejifunza nini, ni kwamba mtoto akikukosoa kwa heshima amekupa kitu, na ni wewe wa kukipokea.

Wairimu anafundisha Kiingereza hapa chini, shule ya kutembea dakika kumi. Wiki jana alikuja mchana, akakataa hata kuketi. Akanipa daftari la mwanafunzi wake. Bado ananiita Madam.

"Madam, soma hii."

Mtoto alikuwa ameandika: Teacher should not have laughed when I was reading. Mwalimu hakupaswa kucheka nilipokuwa nikisoma.

"Ulicheka?"

"Nilicheka. Na darasa likacheka."

"Umeweka tiki?"

"Bado."

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tano, na wanafunzi hutoka saa kumi. "Chai itakungoja," nikamwambia. Hakungoja nimalize. Akanyakua daftari, akashika barabara mbio mbio, na vile viatu vyake vya kisigino vikazama kwa vumbi hatua ya tatu. Nikatoka hadi langoni nikamwita kwa sauti yangu ya zamu, na aliposimama, nikavua raba zangu nikamrushia.