Bastola ya Mkono wa Kushoto

Nilikuwa nakusanya bastola za shabaha za risasi ndogo, kwa kibali. Niliyoipenda zaidi ilikuwa adimu, kishikio chake cha mti kilichongwa kumfaa mtu wa mashoto.

Wakimbizi walipojaa Ujiji tulimpokea mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa. Alituambia alikuwa akiuza vitenge Uvira. Siku moja naisafisha ile bastola barazani, yeye anachambua maharage, binti yangu akapita mbele ya mtutu. Mama yule akaichukua mikononi mwangu kwa mkono wa kushoto. Kishikio kikamkaa sawasawa. Akapapasa kwa kidole chemba ya risasi bila kuitazama, akaielekeza ukutani.

"Haina kitu, baba," akasema, akarudia maharage yake.

Nikaichukua, nikaifungia sandukuni. Tangu hapo nililala na ufunguo wa sanduku shingoni, na sikuthubutu kumwuliza alijifunzia wapi.