Kageha Hakulala Chini ya Paa la Mkwe

Mungai alipomwambia mama mkwe wake kwamba hayo mambo ya mahali pa kulala ni ya kizamani, Kageha aliweka kikombe chini, akakaza kitambaa chake kichwani na kusema anakwenda kwake. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Alikuwa ametoka Lumakanda asubuhi hiyo kuja Yamumbi kwa sababu ya bintiye Naomi. Naomi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na safari hii daktari alisema alale tu, asiinue hata sufuria, na asiachwe peke yake, usiku hasa. Mume wake, huyu Mungai, ana duka la saruji na mabati mjini Eldoret. Hutoka asubuhi na kurudi giza limeingia, na akienda Nakuru kuchukua mali hulala huko huko. Basi nani akae na Naomi? Mama yake. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa mama alale wapi.

Kwa Wamaragoli, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Anaweza kuja akala, akacheka, akamsema binti yake kwa nini jikoni kuchafu, lakini jua likianza kushuka anachukua kikapu chake. Ukivunja hilo, wanaoumia ni watoto wa nyumba hiyo. Sasa Kageha aende avunje mwiko huo wakati tumboni mwa binti yake kuna mtoto ambaye wenzake wawili hawakukaa? Hakuwa mjinga wa namna hiyo.

"Mama, hii nyumba ina vyumba vinne," Mungai alisema. "Kimoja tumekipaka rangi kwa ajili yako."

"Rangi ni nzuri. Mlaze mama yako."

"Basi nitakujengea kachumba ka mabati pale nyuma."

"Juu ya ardhi ya nani?"

Vyumba vya kupanga vilikuwa mbali, kule barabarani, na kati ya huko na nyumba ya Naomi ni mahindi matupu na viwanja vya watu vilivyozungushiwa nguzo. Mtu akiitwa usiku atapita wapi?

Wengine husema mama huyu alikuwa na kichwa kigumu. Hawamjui. Kageha aliishi Huruma, mtaa wa Eldoret, zaidi ya nusu ya maisha yake, katika chumba kimoja cha kukodi, mume wake akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Walipompata mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya Naomi, mtoto akashikwa na kifua. Mama yake Kageha akaja kutoka Vihiga kusaidia. Alimkanda mtoto, akamchemshia majani, akamshika mchana kutwa, na jioni akasimama. Chumba ni kimoja na ni cha mkwe wake, angelala wapi? Alipanda basi la mwisho analia. Mume wa Kageha alikuwa zamu ya usiku. Kulipopambazuka yule mtoto hakuwapo tena. Kageha hakumlaumu mama yake hata siku moja. Alichokasirikia, na hasira hiyo haijapoa hadi leo, ni kwamba katika mji mzima wa Eldoret hapakuwa na mahali pa mwanamke mmoja kuweka ubavu wake karibu na binti yake.

Kwa hiyo Mungai alipopiga simu na kusema ameona trela za kulala, nyumba ndogo zenye magurudumu zinazovutwa na gari, Kageha hakumcheka.

"Haina msingi, Mama. Haijashika ardhi yangu. Naivuta na gari langu la Noah, naiegesha karibu na dirisha la Naomi, unalala."

Kageha akaenda kumuuliza shemeji yake Lawrence, ambaye ndiye mzee wa lile boma baada ya mume wake kufa. Lawrence alikuna goti. Akasema kitu kisicho na msingi hakikatazwi, lakini kiwe chake Kageha mwenyewe, kisiwe cha mkwe. Kageha akampigia Mungai na kumwambia neno kwa neno.

"Iwe yangu. Umesikia?"

"Ndiyo, ndiyo, Mama."

Laiti angejua. Mtu akikujibu ndiyo ndiyo, hajasikia.

Uwanja wa Wepukhulu uko ukingoni mwa Huruma, mahali ambapo magari ya zamani na trela za kila aina husimama yakingoja wanunuzi. Mungai alimpeleka Kageha pale achague, ndivyo alivyosema, lakini walipofika alishuka kwenye Noah na kwenda moja kwa moja kwa trela kubwa nyeupe yenye magurudumu manne, akafungua mlango kama mtu anayefungua nyumba yake.

"Mama, njoo uone. Ina sinki. Ina friji."

"Friji ya nini? Nakuja kuuza samaki?"

Wepukhulu, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, alicheka mpaka akashika mlango. Mungai hakucheka. Akaonyesha meza ya kukunjwa, akaonyesha choo kidogo nyuma ya pazia. Kageha aliangalia kile choo kilichokaa hatua moja kutoka kitandani, akatoka nje.

Kando ya ukuta ilikuwepo trela nyingine, ndogo, ya rangi ya maziwa, yenye mgongo wa mviringo kama mkate wa sufuria. Ilikuwa na kitanda kimoja, rafu, dirisha na mlango. Kageha aliingia, akakaa kitandani. Miguu yake ikagusa sakafu vizuri. Akanyoosha mkono akafungua mlango bila kusimama. Mtu akiitwa gizani, atatoka hapa kwa pumzi moja. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

"Hiyo ni nyumba ya mbwa, Mama," Mungai akasema kutoka nje. "Watu wataniona mimi mtu gani?"

"Kwani watalala humu hao watu?"

Lakini Mungai alikuwa ameshamwambia Wepukhulu afunge ile kubwa nyuma ya Noah. Wakaifunga. Noah ikazama matako, uso ukatazama mawinguni, kama ng'ombe anayetaka kulala mwenye nyumba akimkataza. Hata Wepukhulu, aliyetaka kuuza, alijikuna shingo.

"Boss, kwa tambarare itaenda. Kwa mlima, hapo sijui."

"Itazoea," Mungai akasema.

"Gari ni mtoto wa nasari, litazoea?" Kageha akauliza. Wanaume hao wawili walikuwa wameinama wanatazama chuma cha kuvutia trela, na yeye amesimama nyuma yao na mkoba wake kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Akamsikia Mungai akisema mtoto akishazaliwa atakwenda nayo Baringo na marafiki zake wa kanisani, wakachome mbuzi huko ziwani. Kageha akameza hilo. Kisha akamsikia akimuuliza Wepukhulu kama anajua mtu wa kuandika maandishi. Anataka jina la duka lake pande zote mbili, herufi kubwa nyekundu, na namba ya simu, na picha ya toroli.

"Ikisimama pale kwangu, wote wanaopita wasome."

Hilo halikumezeka.

"Mkwe," Kageha akaita. Sauti haikuwa kubwa, lakini Wepukhulu aliinuka. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Ya kulala."

"Sijauliza ni ya kufanya nini. Nimeuliza ni ya nani."

"Si ni yetu sote. Ya familia."

"Nilikwambia siwezi kulala chini ya paa lako. Sasa umechukua paa lako, umelivalisha magurudumu, unaliandika jina lako kulia na kushoto, halafu unaniambia niingie nilale. Ujinga wangu umeuona wapi, mkwe? Nionyeshe nami niuone."

"Mama, mimi ndiye ninayenunua. Mtu akinunua kitu hawezi hata kuandika jina?"

"Andika. Andika hata kwenye magurudumu. Halafu ulale ndani wewe na hiyo toroli."

"Hapa kuna watu, Mama."

"Nawaona. Na wao wamenisikia. Ni wewe tu uliyebaki."

Akatoka pale uwanjani, akavuka barabara na kupanda gari la kwenda Turbo, kisha Lumakanda. Mchana kutwa alisema kwa lugha ambayo kila mtu anaijua, na mkwe wake akasikia friji.

Naomi alipiga simu keshokutwa yake.

"Mama, umemwaibisha mbele ya watu."

"Na mimi alinifanya nini, alinipamba?"

Naomi akasema polepole, "Jana alilala Nakuru. Nilishikwa na maumivu. Nilikaa tu natazama dari, naogopa hata kukohoa."

Kageha akakaa chini palepale uani, juu ya gogo la kupasulia kuni. Aliona kile chumba cha Huruma. Aliona mgongo wa mama yake ukipanda basi. Hasira aliyokuwa nayo ikageuka ikawa kitu kizito zaidi, kitu kisichotaka tena kubishana.

"Mpe simu."

"Mama, tafadhali usi..."

"Nimesema mpe."

Mungai akaja kwenye simu. Kageha hakumsalimu. Akamwambia achukue ile ndogo, na isiandikwe hata herufi moja. Aivute mpaka Lumakanda, aipitishe kwenye lango lake, aikabidhi mbele ya Lawrence. Ikishaingia kwake ni yake, na yeye atakuja nayo Yamumbi kama mtu anayekuja na kitanda chake.

"Mama, niivute mpaka huko halafu niirudishe hapa hapa? Unajua hiyo barabara ni ndefu namna gani, na trela nyuma?"

"Ni ile ile Naomi aliyopita akija kuolewa kwako."

Mungai alikuja Jumamosi, akiivuta ile ya rangi ya maziwa. Baadaye Kageha alikuja kusikia kwa Wepukhulu kwamba mkwe alikuwa amejaribu kwanza kuipeleka ile kubwa mpaka Kapsoya, ili aone, na Noah ikachemka njiani, maji yakaruka, akasukumwa na watu wa bodaboda. Hilo Mungai hakulisimulia.

Lawrence alivaa koti lake la Krismasi na kuketi kwenye kiti uani. Mungai akasema maneno ya kukabidhi haraka haraka, jicho kwenye saa. Lawrence akamwambia hajasikia, arudie. Akarudia. Safari hii alitazama chini, akasema, "Mama, hii ni yako. Sina changu ndani yake." Kageha akaitikia. Akaweka ndani godoro lake, blanketi lake, taa yake na Biblia yake. Mwisho akatoa kufuli jipya mkobani, akalifunga mlangoni, ufunguo akautia kwenye kamba na kuuvaa shingoni. Hakutabasamu. Kupewa ulichoomba baada ya kutukanwa si zawadi.

Pale Yamumbi aliagiza mlango uelekee dirisha la Naomi na mgongo uelekee mlango wa Mungai. Akakaa hapo miezi iliyobaki. Naomi akigonga kioo kwa kijiko, Kageha alikuwa kando yake kabla kijiko hakijarudi mezani. Na Mungai akisalimia asubuhi alijibiwa vizuri, kwa adabu, na kwa maneno machache sana.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, mwenye sauti ya kusumbua wodi nzima. Akaitwa Nduta, jina la mama yake Mungai, kwa kuwa kwa watu wa Mungai mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Naomi alimtazama mama yake kwa wasiwasi. Kageha akampokea mtoto na kumwita Nduta, mara ya kwanza na ya pili, ili wote wasikie. Desturi ya watu ni desturi ya watu, hata ikikupita mlangoni.

Mtoto aliponenepa, Mungai akaja, akasimama mbali kidogo na trela kama inavyotakiwa.

"Mama, sasa unarudi Lumakanda. Naona hii haina kazi kwa siku chache. Naomba tuende nayo Baringo, sisi watatu tu. Wale marafiki nimewaacha."

Kageha alikuwa anakunja nepi. Hakuinua kichwa.

"Naomi alale humo. Na mtoto."

"Na mimi?"

"Kwani wewe utalala kwenye kitanda cha mama mkwe wako?"

Mungai akatazama trela, akatazama Noah.

Walikwenda. Naomi na mtoto walilala ndani ya trela, na baba mtu alijikunja kwenye viti vya nyuma vya gari, miguu ikitokea dirishani. Waliporudi Lumakanda, Mungai alishuka shingo imepinda, anageuka mwili mzima kama anabeba ndoo ya maji kichwani. Kabla ya salamu, kabla hata ya kumpokea mtoto, Kageha alinyoosha kiganja. Mungai akautoa ufunguo mfukoni, akampa kwa mikono miwili.

Ndipo Kageha akamwambia aingie, chai iko tayari.