Kizibao cha Kafa Ulaya

Kiganja changu cha mkono wa kulia ni baridi. Njoo Kikwajuni uniulizie kijiweni, nitakupa mkono, na utauachia haraka kama wanavyouachia wote. Daktari kaupima, kasema damu inapita vizuri na haoni kasoro. Kwa hiyo kabla hujaniita mwongo, jua kwamba ushahidi ninao na natembea nao. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu, na yalinikuta nina akili zangu timamu.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Zamani abiria akinisimulia habari za vizuka nilikuwa namuuliza, je, hicho kizuka kilivaa helmeti? Nilikuwa na kiburi cha namna hiyo.

Mke wangu, Mwanajuma, anasomesha darasa la kwanza Kizimkazi. Kutoka kwetu mpaka huko kwa pikipiki ni kama saa nzima. Gari ya kwanza inamfikisha watoto wameshaingia darasani, kwa hiyo kila siku ya shule tunaondoka mara baada ya sala ya alfajiri, mkoba wake wa madaftari katikati yetu. Na Mwanajuma ana seli mundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Wenye ugonjwa huo wanamjua adui yao: baridi. Ikimpata sawasawa, mifupa inamuuma mpaka anauma kanga asipige kelele.

Unacheka? Unasema Unguja kuna baridi gani? Panda pikipiki alfajiri ya mwezi wa saba, kipupwe kinavuma, kimvua cha mchoo kinakurashia usoni, uendeshe saa nzima nguo zimeloa. Halafu uje tuzungumze.

Kipupwe cha mwaka jana alilazwa mara tatu. Uhamisho alishauomba na jibu halijaja. Aliporudi mara ya tatu aliandika barua ya kuacha kazi, akaikunja, akaitia mkobani. "Jumatatu ya wiki ijayo nampa mwalimu mkuu," akaniambia. "Nshachoka kukulaza kwenye mabenchi ya hospitali." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, bafuni, bomba nimelifungulia ili asinisikie. Kazi ile aliingoja miaka sita, na sijaona mtu anayeipenda kazi kama yeye.

Sasa, kuna mgeni mmoja niliwahi kumpeleka Paje, akanambia kwao watu wanaendesha pikipiki kwenye theluji. Wanavaa nguo zenye nyaya ndani, unachomeka kwenye betri ya pikipiki, nguo inapata moto. Siku ile nilidhani ananitania. Baada ya barua ile, nikaenda Darajani kwenye mitumba.

Wazee wetu mitumba wanaiita kafa Ulaya. Maana yake mwenyewe kafa huko, nguo ndiyo imekuja huku. Tumelitamka neno hilo tangu utoto, tukacheka, tukavaa. Nani aliwahi kukaa akalifikiria?

Bwana Haji, muuzaji, alinitolea koti jeusi la pikipiki, zito, kola imesimama, na waya unaning'inia ndani. "Mambo haya hapa, yakhe. Unachomeka waya huu, unapikwa mzima mzima." Nikauliza mbona halijauzwa koti zuri hivi. Akajikuna shingo. "Nikwambie kweli, limerudishwa mara mbili. Wanasema linaita."

"Linaita nini?"

"Wanajua wenyewe. Kwani wewe unataka koti au unataka redio?"

Nilichagua kwa macho, na kwa uzito. Chini yake palikuwa na kizibao chembamba, kimeshonwa mistari mistari, nikakisukuma pembeni. Kitambaa kama kile kitampasha moto nani?

Nyumbani Mwanajuma alilifua, kisha akaandika jina langu na la baba yangu ndani ya kola, kwa ile kalamu ya wino usiofutika anayoandikia sweta za wanafunzi wake wasigombanie. Ndiyo tabia yake, hata sufuria zetu zina majina. "Lijaribu wewe kwanza," akasema. "Lenyewe linakutosha wewe na shemeji yako."

Alhamisi alasiri nilimpelekea shuleni madaftari aliyokuwa ameyasahihisha kitandani. Nilichomeka waya kwenye betri, nikawasha pikipiki, nikangoja moto. Hakuna. Nikafika Kizimkazi natetemeka. Mwalimu mkuu alipokea madaftari, akanitazama kwa huruma. "Mwambie Jumatatu namngoja. Aje na barua au aje na chaki, lakini asiniache hivi hivi, watoto wamekaa bure."

Kurudi, mchoo ulinidaka njiani. Nilipopita Kitogani, kabla ya kuufikia msitu wa Jozani, vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata breki siisikii. Nikasimama kwenye kibanda cha kituo cha daladala. Ilikuwa magharibi, mwanga ungalipo, na barabara nzima haina mtu. Nikainama kuikamua suruali. Nyuma yangu mtu akaniita, kwa jina langu na la baba yangu.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa. Mama yangu alitulea kwa mkono mzito kwenye jambo moja: ukiitwa, itika. Si "nini", si "eeh", bali "naam", na upesi. Bibi yangu naye akatufundisha lake: ukiitwa magharibi na humuoni anayekuita, nyamaza mpaka akuite mara ya tatu, kwa sababu mtu ataita mara tatu, lakini asiye mtu huita mara moja tu. Mafunzo yote mawili ninayo. Lakini la mama liliingia na bakora.

"Naam!" nikasema, hata kabla sijageuka.

Alikuwa mzungu wa hirimu yangu. Viatu vya pikipiki, suruali ya pikipiki, helmeti kwapani, na juu shati tupu. Mabegani ana kitu cheupe, nikadhani chumvi. Mvua inampiga na kile cheupe hakiondoki, nikakumbuka theluji ya yule mgeni wa Paje. Na pumzi yangu, niamini, ilikuwa inatoka moshi. Umewahi kuona pumzi ya mtu ikitoka moshi karibu na Jozani?

"Umeitika," akasema.

"Naam," nikasema tena. Mdomo ulikuwa unaendelea na adabu peke yake, mimi mwenyewe nilishakimbia zamani.

"Ninawaita wote wanaolivaa koti hili. Ninaita mara moja, kwa sababu nguvu yangu ni ya mara moja. Hakuna aliyeniitika isipokuwa wewe."

Kiswahili chake kilinitia hofu kuliko ile theluji. Sisi tunakata: nnakwenda, nshakula. Yeye hakukata hata herufi moja, kama mtu anayesoma.

"Nani kakwambia jina langu?"

"Limeandikwa kolani."

Nikaanza kulivua. Nikamwambia, chukua bwana, lako, mimi sikujua, nimeuziwa.

"Silitaki," akasema. "Ninataka kukuambia kwamba umechagua vibaya."

Wallahi, katikati ya woga ule nilikasirika. Mtu kafa, kavuka bahari, kaja mpaka Unguja, kumbe shida yake ni kukosoa nilivyochagua nguo!

"Koti hili halina moto," akaendelea. "Linazuia upepo tu. Huo waya unapita ndani yake kwenda kwenye kizibao. Kizibao ndicho chenye moto. Kinavaliwa karibu na ngozi, kimebana, na koti linakaa juu yake ili joto lisitoke. Vilitoka pamoja katika kabati langu."

"Nilikiona," nikasema. "Nikakisukuma pembeni."

"Mimi pia." Akaihamishia helmeti kwapa la pili. "Ilikuwa asubuhi moja, safari fupi, kwenda dukani na kurudi. Nikasema koti linatosha, ni zito. Mikono ilikufa kwanza. Nilipofika kwenye kona, vidole vilikataa kufunga breki. Mke wangu alikikuta kizibao juu ya kiti, pale nilipokiacha."

Nilivitazama vidole vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kuendesha na vidole vya namna ile ile, dakika tano tu nyuma.

"Nani anayesikia baridi?" akaniuliza.

"Mke wangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. "Mwashie kabla hajapanda. Moto mdogo, tangu mwanzo. Baridi ikishaingia ndani, moto mkubwa haumsaidii. Nenda kabla hakijauzwa."

Akanyoosha mkono. Na mimi, mtoto wa mama yangu, mtu akinipa mkono ningeukataaje? Niliupokea. Baridi ilinipanda mpaka begani, meno yakagongana, nikafumba macho. Nilipoyafumbua nilikuwa nimenyoosha mkono kwa mvua. Kwenye benchi palibaki kile cheupe kidogo. Nilikigusa kikawa maji.

Sikumbuki Tunguu nilipitaje. Nilimsimulia Mwanajuma yote, nikangoja anicheke. Hakucheka. Alinishika mkono, akausikia, akaushikilia baina ya viganja vyake muda mrefu bila ya kupata moto. "Masikini," akasema. "Alikuwa na neno na hana wa kumwambia. Haya, nenda kesho asubuhi."

Ijumaa nilifika Darajani Bwana Haji hajafungua hata marobota. Kizibao hakipo. Nikapekua chini, nikapekua juu, jasho linanitoka. "Kile kizibao cha mistari kiko wapi?"

"Kizibao gani?"

"Kilichokuwa chini ya koti!"

Akainuka taratibu kwenye kigoda chake. Kumbe amekikalia. "Hiki? Hiki nimekifanya mto, bwana, mgongo unaniuma." Nusura nimbusu.

Fundi wa umeme mtaani kwetu alikigeuza geuza, akatia fyuzi na swichi. Akabadilisha na taa ya mbele, akaweka inayokula umeme kidogo, akanionya: "Pikipiki hii ndogo. Kizibao kimoja itakibeba, viwili haiviwezi. Kwa hiyo amua nani." Hapo palikuwa na la kuamua?

Jumatatu, baada ya sala, Mwanajuma alivaa kizibao juu ya fulana, kikambana vizuri, juu yake baibui, na koti juu ya yote, mikono yake imepotelea ndani. Mimi nilijipachika magazeti kifuani chini ya shati, kama tunavyofanya madereva. Nikamuwashia moto mdogo kabla hajapanda. Barua ilikuwa mkobani, niliiona.

Upepo ulikuwepo, na kimvua pia. Tunguu nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Endesha." Tulipokaribia Jozani nikamuuliza tena, hakujibu. Nikapunguza mwendo, na hapo nikasikia kidevu chake begani kwangu na pumzi zake zinakwenda polepole. Mwanajuma amelala. Mwanamke ambaye kila asubuhi alikuwa akitetemeka mgongoni kwangu mpaka helmeti zetu zinagongana, amelala usingizi mtamu juu ya pikipiki. Nikaendesha nalia, na safari hii bila ya bomba.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. "Haya, mwalimu. Barua au chaki?"

Mwanajuma alinyoosha mkono. "Chaki."

Ile barua aliikata vipande vidogo vidogo, akaandika nyuma yake ba, be, bi, bo, bu, na mpaka leo watoto wa darasa la kwanza wanajifunza kusoma kwa barua aliyotaka kuachia kazi.

Sikwambii amepona. Ugonjwa ule haufukuzwi kwa kizibao. Maumivu yalimrudia mara moja, siku ya jua kali, kwa sababu alisahau kunywa maji, na dawa zake anakunywa kama kawaida. Lakini kipupwe kile kilikwisha bila ya kulazwa tena, na cha mwaka huu tumekipita hivyo hivyo, anavaa jina langu shingoni kila alfajiri. Kiganja changu ndicho kisichopata moto. Kipindi cha joto kali ananiwekea zamu: kwanza paji la uso wake, kisha shingo, kisha mtungi wa maji. Anasema friji yetu ni mimi, na ina jina pia, kama sufuria.

Basi na wewe unayependa kafa Ulaya, sikiliza. Usichague nguo kwa uzito wake. Upekue mfuko, ufuate waya, uulize kilichokuja nayo. Na usiseme safari ni fupi. Yule bwana alikuwa anakwenda dukani tu.

Ama kuhusu kuitika, sijui nikushauri nini. Bibi yangu hakukosea, wapo wanaoita mara moja na hawana heri na wewe. Lakini mimi niliitika, na mke wangu anasomesha. Kila tunapokipita kile kibanda napunguza mwendo, hakuna mtu, hakuna sauti, na mimi nasema kwa nguvu, "Naam!" Mwanzoni Mwanajuma alikuwa akinifinya, watu wasituone wendawazimu. Siku hizi, kutoka ndani ya kola ya koti lile, huitika na yeye: "Labeka!"