Kijiko Kibarazani kwa Mama

Kaka yangu wa kuzaliwa, tumbo moja ziwa moja, alinikata sikio kwa sepetu mchana kweupe.

Sababu? Maegesho ya magari.

Cheka tu. Hata polisi alicheka, mpaka alipoiona damu.

Iko hivi. Baba alituachia kiwanja mjini. Mbele, mimi na kaka tukawa tunainua ghorofa la kupangisha. Nyuma ilibaki nyumba ya mama, vyumba viwili na kibaraza.

Tunakaribia kuezeka, akatimba bwana wa mipango miji. Akazunguka, akauliza:

"Magari ya wapangaji yatalala wapi?"

"Si barabarani?" nikajibu.

"Thubutu! Jengo kama hili, sheria inataka maegesho ndani ya kiwanja. Bila hivyo haingii mpangaji humu."

Akaenda zake. Kaka akageuka, akaikodolea macho nyumba ya mama.

"Hata usiwaze," nikamwambia.

"Mama atahamia ghorofani, chumba cha chini. Tatizo liko wapi?"

"Mama hang'oki pale nikiwa hai."

"Wewe nani, dogo?"

"Na wewe nani?"

Tangu hapo tukawa paka na panya. Matusi asubuhi, matusi jioni. Hata suala la saruji tulisemeshana kupitia fundi mkuu.

Siku moja nasikia muungurumo. Natoka nje, nakuta kijiko, ule mtambo wa kubomolea, kimeshalaza ukuta wa uani. Sasa kinakitafuta kibaraza. Kaka yuko pembeni anakielekeza kwa mkono. Alivizia mama ameenda sokoni.

Sijui nilivukaje uwanja. Nakumbuka tofali mkononi, kisha kioo cha kijiko kikapasuka. Dereva akaruka, akatoka nduki.

Kaka akanivaa. Tukabingirika kwenye kokoto. Nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Akanitwanga kichwa cha pua.

"Jamani, nyie ni ndugu!" fundi mkuu akapiga kelele. Akajaribu kutuamua, akala kiwiko cha mdomo, akakaa chini.

Kaka akaokota sepetu. Nilisikia upepo, halafu joto shingoni. Kushika sikio, linaning'inia.

Akili zikaniruka. Nikadaka kipande cha nondo, nikampiga nacho usoni. Nikarudia. Taya likalia kama kuni kavu. Jicho lake la kushoto... basi tu, niache.

Akaanguka huku anaita, "Mama!"

Mama alikuwa amesimama getini, kikapu kimemdondoka.

Hospitali wakatulaza wodi moja, vitanda vinatazamana, askari katikati. Jicho la kaka halikupona.

Mama alipokuja nikajikaza. "Mama, tulia. Nyumba yako haiguswi na mtu."

Kaka, taya limefungwa nyaya, akanguruma.

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Nani aliwaambia naitaka ile nyumba?"

Akaweka mkoba wake chini.

"Vumbi la ujenzi wenu limenimaliza kifua. Nilishakubaliana na mama yenu mdogo nihamie kwake. Mizigo ipo mlangoni, nimeifunga. Nikawa nasubiri mmoja wenu aingie kunisalimia, nimwambie. Kila siku mnapita dirishani kwangu mnatukanana kwa jina langu. Hakuna aliyebisha hodi."

"Sasa mama, si ungetuita?"

"Niliita, mwanangu. Mlikuwa mnapiga kelele."

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Hakimu akatufunga wote: yeye kwa sikio, mimi kwa jicho. Tunatoka, nyumba haipo; mama mwenyewe alimwambia fundi mkuu aibomoe. Maegesho yamekamilika, mistari myeupe kabisa.

Mama anaishi kwa mama mdogo, kifua kimepata nafuu. Tunaenda kumwona, kila mmoja kwa siku yake. Akitaka tuje pamoja, kila mtu anasingizia kazi.

Wewe unayetaka kutoana roho na ndugu yako kwa ajili ya mzazi, hebu weka hiyo nondo chini. Nenda, bisha hodi, kaa naye. Muulize: "Mama, wewe mwenyewe unatakaje?"

Kisha funga mdomo, usikie jibu.