Picha ya Pili

Shangazi yangu alipiga picha za vita kwa miaka kumi na tisa. Mama, ambaye ni wifi yake, alimwita Roho ya Paka. Redio ikitangaza mapigano popote pale, mama aliguna: "Basi, wifi yangu ameshafunga mkoba."

Alikuwa na mazoea yake. Akishamaliza picha ya gazeti, ile ya moshi na vilio, humuuliza mtu, "Sasa wewe mwenyewe unataka nikupige vipi?" Watu walijikung'uta vumbi, wakafunga vifungo, wakasimama wima. Picha hizo wahariri hawakuzitaka. Alizitunza kwenye makopo ya maziwa, majina kayaandika nyuma.

Kisha kipande cha bomu kikamvunja goti. Alirudi na mkongojo, akafungua studio ya picha za pasipoti ubavuni mwa duka la dawa. Tulidhani atanuna. Wapi! "Hapa watu wananigombeza kwa ajili ya pua zao tu," alisema. "Raha iliyoje."

Asubuhi moja nilikuwa nimempelekea karatasi za kuchapia picha, akaingia mama mmoja, fundi cherehani aliyehamia mtaa wa pili. Alitaka picha nne. Shangazi akachungulia kwenye kamera, halafu akainua kichwa taratibu.

"Dada, wakati wa vita hukuwahi kukaa kwenye darasa lililoezuliwa paa? Ulikuwa umebeba cherehani kichwani."

Yule mama akashika kiti. "Ni wewe? Uliyenisubiri nitafute viatu?"

"Ulikataa katakata kupigwa picha peku! Ukaazima vya mumeo."

Tulimwaga makopo sakafuni, tukapekua sote watatu. Tukaipata: fundi amesimama kama askari kwenye viatu vikubwa kama mitumbwi, na pembeni mumewe, miguu mitupu, anacheka mpaka macho yamefumba.

Fundi alikaa chini na picha mapajani. "Alifariki mwaka juzi, kwa maradhi," akasema. "Picha zetu zote ziliungua. Wanangu hawajui kama baba yao aliwahi kuwa na meno yote." Akacheka, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akacheka tena.

Tangu siku hiyo shangazi anawatafuta wengine, kwa simu na kwa barua. Amewapata kumi na saba. Jana nilimkuta akibishana kwenye simu na kinyozi mmoja aliyetumiwa picha yake, akadai huyo si yeye.

"Kama si wewe, ni nani?" alikuwa anafoka kwa furaha. "Kitambi ni chako, kaka. Mimi nilileta kamera tu!"