Mdomo wa Mama Soraya na Uhai wa Antoine

Msiniambie habari za watu waliosoma. Mimi Bruno nimewasha jenereta ya redio yetu hapa Kasongo miaka kumi na miwili, na waliosoma nimewaona wakija na kuondoka. Huyu wa sasa, Direkta Jean-Marie, alitoka Kinshasa na masanduku matatu na neno moja: kwamba sisi wenyeji hatujui kutaja jina la mji wetu.

Kwanza mumjue Mama Soraya. Ni mjane, mama wa Kiislamu, asubuhi anauza mawese sokoni, na saa kumi za jioni anasoma redioni komunike za vilio, yaani matangazo ya vifo. Ukifiwa, unamletea karatasi yako. Anakuuliza marehemu ni wa wapi, na kwenu hapo panatajwaje, kisha anarudia mbele yako mpaka wewe mwenye kilio useme ndiyo. Ndipo anafungua maikro. Akisema Kabambare, anaisema polepole, anaegemea katikati, mwisho anauachia ushuke wenyewe, na mtu wa Kabambare popote alipo anaweka jembe chini. Kwa watu wetu, kifo ambacho Mama Soraya hajakisoma bado ni umbeya.

Direkta hakumaliza hata siku mbili kabla ya kumkosoa.

"Madame, ni Kabambaréé," akamwambia, r akiikwaruza kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na mwisho akiupandisha juu. "Na hapa ni Kassongóó. Ndivyo wanavyotaja Kinshasa."

"Papa Direkta, Kinshasa iko na vilio vyake," Mama Soraya akajibu. "Hivi ni vyetu."

Nilicheka, kisha nikajuta. Direkta alimwambia achague: ataje hivyo au aache kazi. Na mpaka atakapojifunza, komunike atazisoma Direkta mwenyewe. Mama Soraya akakunja kitenge chake, akaketi kwenye kiti cha wageni.

Sasa ona balaa. Wiki iliyotangulia, Mama Soraya alikuwa amesoma kifo cha Antoine, seremala wa Kabambare aliyekuwa akipaua nyumba kule Lusangi. Karatasi ilitoka kwa tajiri wake. Alhamisi, Antoine huyo akaingia redioni kwa miguu yake miwili.

"Mama," akasema, "ule mufu wako ni mie."

Kumbe alishikwa na homa, akazimia, na pikipiki ya Kasongo ilikuwa inaondoka. Tajiri akaona huyu asubuhi haifikishi, na pikipiki nyingine haijulikani itapita lini, basi akaona heri karatasi itangulie isije ikachelewa. Antoine akaamka siku ya tatu akiomba uji.

Alimpigia simu mke wake Mathilde. Mathilde aliposikia sauti alipiga yowe, simu ikaangukia kwenye beseni la mihogo. Antoine akaona bora aende mwenyewe, akafika Wamaza njiani, binamu yake akamwona, akatupa baiskeli, akakimbilia porini. Mbele ya hapo hakuthubutu. Watu wanaokulilia wakikuona unaingia uani watakupokea kwa mawe, na haki yao. Kwetu kilichoingia kwa redio kinatoka kwa redio.

"Jumamosi wanaondoa matanga," Antoine akasema, machozi yanamtoka. "Randa yangu, misumeno yangu, watagawa vyote. Na Mathilde watamurudisha kwao. Mama, nisaidie niwe muzima!"

Mama Soraya alishika kichwa. "Mungu wangu, nilimuzika mutu na mudomo wangu huu!"

Direkta hakuwa na roho mbaya, nisimsingizie. Alisoma komunike mara tatu jioni ile: Bwana Antoine wa Kabambaréé ni mzima kabisa. Ijumaa mchana mwendesha pikipiki akaleta jibu la mjomba wa Antoine, ambaye ndiye mkubwa wa kilio. Walikuwa wamesikia kila neno, wala hakuna aliyedhani ni mji mwingine. Mjomba alisema: mgeni mmoja redioni anadai Antoine wetu ni mzima, mgeni atajuaje nani kwetu amekufa? Mwambieni asante kwa kutupa pole. Jumamosi iko palepale.

Direkta alisoma jibu lile mara mbili, akasema ni ujinga. Saa kumi ilikuwa karibu. Mama Soraya akainuka.

"Bruno, jenereta iko na mafuta?"

"Iko, yaya," nikasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya.

"Usizime, hata akikuamuru."

Akaingia na Antoine, akafunga mlango kwa komeo. Direkta alipiga kioo, akaniita mimi mpumbavu, akaita mlinzi. Mimi nilisimama mbele ya jenereta.

"Jamaa ya Antoine, kule Kabambare," Mama Soraya akasema, na jina likatoka vile linavyotoka siku zote. "Ni mie Soraya. Nilisema amekufa, nikakosea. Iko hapa mbele yangu, anakula muhogo wangu. Mathilde, mama, panguza machozi. Na ninyi, musiguse randa yake."

Jumapili Antoine alipokelewa Kabambare kwa ngoma. Mbuzi wa matanga aliliwa vilevile, maana alikuwa amekwishachinjwa. Ni nyundo moja tu iliyopotea.

Lakini Jumamosi jioni Direkta alikuwa ameketi kwenye maikro, akatangaza kwamba Madame Soraya si mfanyakazi tena wa redio hii ya Kassongóó. Nililia, naapa. Jumatatu nikabeba jogoo kwenda kumpa pole nyumbani kwake, sikumkuta.

Nikafika redioni. Foleni ya watu wenye karatasi, na Mama Soraya kwenye kiti chake, akimrudishia mzee mmoja jina la kijiji mpaka mzee atikise kichwa ndiyo. Direkta amesimama koridoni, akiipisha foleni.

Nikamvuta pembeni mlinzi, Abdallah. "We, umemwingizaje? Hukusikia ile komunike ya Jumamosi?"

"Nilisikia yote," Abdallah akasema. "Lakini Mama Soraya mwenyewe bado hajaisoma."