Siku Nilipomkana Tobia Mbele ya Wakwe

Jamani, aibu niliyoipata kijijini Rugu, ukweni, mpaka leo nikiishika njia ya kule uso unaniwaka. Kwetu, siku ya posa mwoaji hukaa kimya na mshenga ndiye husema, lakini mimi nikaona nami niseme neno moja tu (ualimu wa shule ya Kilutheri pale Nyakasimbi ulikuwa umenipanda kichwani).

Wakwe walikuwa Wakatoliki. Baba mdogo, mshenga wangu, alishamaliza yote, hata suala gumu la dini, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshaletwa, ndipo baba yake Paskazia, binti niliyekuja kumposa, akainuka kutubariki: malaika Rafaeli atuongoze kama alivyomwongoza Tobia safarini hadi akapata mke. Nikadakia, "Mzee, huyo Tobia hayumo katika Biblia." Tena nikatoa Biblia yangu, nikawaonyesha ukoo mzima orodha ya vitabu, kimoja kimoja!

Mzee akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo baraka niliyoolea mimi ni ya uongo?"

Nikaifunga Biblia. Akaamuru kibuyu cha rubisi kirudishwe ndani, maana yake hakuna mke. Baba mdogo akatangulia, mimi nikamfuata nyuma njia nzima.

Nami nilimpenda Paskazia, nilimpenda kweli. Nikakimbilia kwa mchungaji nikitumaini ataniunga mkono, naye akacheka, akatoa Biblia kuukuu ya Kijerumani iliyoachwa na wamisionari: kati ya Malaki na Mathayo, Tobia huyo hapo, kitabu kizima! Akanieleza kwamba Walutheri wa kwanza walivitenga vitabu hivyo, hicho na vingine vichache, lakini wakaviita vyema kusomwa, baadaye wachapaji wengi wakaviacha, na sisi kwa kushindana na Wakatoliki tukaviita hekaya. Siku hizi, akasema, wataalamu wamevirudia ili wajue Wayahudi waliwaza nini kabla ya Yesu, na vipande vya Tobia vimeokotwa mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi. (Kumbe na wasomi hubadili mawazo!) Nikamsihi anitafsirie chote, nikasikiliza kama mtoto.

Nikarudi Rugu kuomba radhi. Mzee akataka nisimulie habari hiyo mbele ya watu walewale. Nikasimulia samaki aliyevuliwa njiani, pepo aliyefukuzwa kwa moshi wake, dawa ya macho ya baba kipofu wa Tobia, nikakaa chini nikitweta. Bibi yake Paskazia akauliza, "Na yule mbwa wao, umemwacha wapi?"

Nilikuwa nimemsahau mbwa, ambaye kitabuni anawafuata safari nzima bila kubweka hata mara moja! Wakacheka wote, mzee naye akashindwa kujizuia, kibuyu kikatoka ndani.

Tangu hapo sisemi tena "hayumo". Nauliza kwanza, hayumo katika Biblia ya nani? Na posa ya mwanangu ikifika, nitakaa kimya kama mbwa wa Tobia.